Mstari wa Nne

Zahanati iliomba tovuti ya lugha tatu, si zaidi. Asubuhi hiyo fundi wa tovuti alipobonyeza kitufe cha kubadili lugha, orodha ilishuka na mistari minne. Wa nne haukuwa na jina. Ulikuwa mweupe mtupu, na chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

Hakushtuka sana. Wiki nzima tovuti hiyo ya wajawazito ilikuwa imemtoa jasho: msomaji akichagua Kifaransa, ukurasa wa pili unamrudisha kwenye Kiswahili, wa tatu unambakizia mapengo. Jana yake, kwa kuchoka, alifanya kosa ambalo mafundi wa kazi hiyo hulifanya na hakuna anayekiri. Kwenye mipangilio kuna swali: maneno yakikosekana, yachukuliwe kutoka lugha ipi? Hakutaja lugha. Aliweka tiki palipoandikwa "popote yanapopatikana", akachukua mkoba wake akaenda nyumbani. Haraka haraka haina baraka, lakini nani hukumbuka methali wakati wa kufunga ofisi?

Kazini alikuja na bintiye wa miaka mitano, maana shule zilikuwa zimefungwa. Walimwita Cherehani. Alikaa bila kusema neno mpaka miaka minne, majirani wakasengenya mpaka wakachoka, kisha siku moja akafungua kinywa na tangu hapo hajakifunga. Fundi, mama yake, hakuwa na kitu duniani anachokipenda kuliko kelele zile. Sasa zilitoka chini ya meza, hadithi ndefu ya paka aliyekataa kuoga.

Fundi akaubonyeza mstari wa nne. Ukurasa ulijaa, hakuna pengo hata moja. Palipotakiwa kuwa na maelezo ya chanjo pameandikwa: "Sitaki sindano, inauma, mama nibebe." Kwenye saa za kufungua kliniki: "Paka akasema maji ni ya baridi." Alisoma mara mbili kabla hajatambua kwamba chini ya meza kumekuwa kimya.

Alimvuta mtoto, akamwambia kwa sauti ndogo aseme "mama". Kinywa kilifunguka, ulimi ukahangaika, sauti haikutoka. Juu kabisa ya ukurasa, mahali pa jina la zahanati, neno hilo likajiandika lenyewe.

Aliondoa tiki, ikarudi. Akaufuta mstari, ukarudi. Akazima kompyuta na kuchomoa waya ukutani, na bado spika ndogo ya mezani iliyoharibika tangu mwaka jana iliendelea kucheka kicheko cha Cherehani, ikasimulia habari za paka, ikaomba maji, ikaita mama, mama, huku Cherehani mwenyewe amesimama pale anamtazama, machozi yanamtiririka bila kwikwi, na ile harufu ya nywele imemjaa fundi kooni.

Mfasiri, mzee aliyekaa dawati la pili, alikimbia kumleta dada yake, bibi aliyezeeka katika kazi ya kutoa majini. Bibi alifika adhuhuri. Alivuta kiti, akaongea na skrini iliyozimwa kwa upole, kama anayemuaga mgeni aliyejisahau.

"Anasema hakuiba," alinong'ona mwishowe. "Aliruhusiwa. Ni kweli?"

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Basi hatoki mikono mitupu. Atarudisha maneno ya mtoto akipata ya mtu mzima. Yote, mwanangu. Ya kusema na ya kusikia."

Mzee mfasiri, mwenye lugha tano kichwani, alitazama viatu vyake.

"Achukue yangu," alisema fundi.

Bibi akamshika mkono, akakibandika kiganja kwenye kioo. Maneno yakaanza kumtoka, kwanza ya kazini, kisha ya jikoni, majina ya vyombo na ya nguo, kisha majina ya ndugu, shangazi, mjomba, marehemu baba yake, na kila lilipotoka alihisi mahali pake pamebaki baridi, mpaka likabaki moja tu, jina la binti yake, akalishikilia kwa meno, nalo likang'oka.

Harufu ikaisha. Kompyuta ilipowashwa, orodha ilikuwa na mistari mitatu, na Kifaransa kilibaki Kifaransa kwenye kurasa zote.

Cherehani akalia kwa sauti. Kisha akadaka shingo ya mama yake, akamwaga yote yaliyomkaa tangu asubuhi, paka, sindano, yule mtu aliyekuwa ndani ya spika. Mama alitazama kinywa kikifunguka na kufungika. Mlio ulikuwa mtamu, naye hakuambulia kitu ndani yake. Mtoto aliuliza, akangoja, akauliza tena. Mwisho akamgeukia bibi.

"Mama hanijibu. Nimempigia kelele sana, eh?"

Bibi alijaribu kumweleza, lakini mtoto alikuwa ameshaamua.

"Basi sitasema tena," alisema Cherehani.

Akafunga kinywa, akarudi chini ya meza. Mama yake aliinama, akamtabasamia.