Chiriku na Nyayo za Baba

Kila jioni, fundi viatu alipofika nyumbani, alikaa kwenye kigoda, akavua viatu na kunyoosha miguu. Binti yake, ambaye kwa wingi wa maneno yake wote walimwita Chiriku tu, alichuchumaa mbele yake. Aliinua mguu mmoja, halafu wa pili, akachungulia nyayo, visigino, mpaka katikati ya vidole.

"Safi, baba!"

"Ahsante, daktari wangu."

Haukuwa mchezo. Ugonjwa wa kisukari ulikuwa umeitia miguu ya baba ganzi. Akanyage zulia, akanyage mwiba, kwake yote yalikuwa mamoja.

Jioni moja wenzake Chiriku walikuwa nje wakiruka kamba. "Chiriku! Zamu yako inapita, shauri yako!" Baba akanyoosha miguu. Chiriku aliitupia jicho juu juu, hakuinua hata mmoja.

"Safi, baba!" alisema, na tayari alikuwa mlangoni.

Kesho yake baba alirudi akipiga mluzi, akapita sebuleni na viatu vyake huku akimtania mama. Chiriku alikuwa akifagia. Akaona doa jekundu sakafuni. Halafu jingine. Madoa yalikuwa yakimfuata baba.

"Baba, simama! Unatoka damu!"

"Mimi? Wapi?" Baba akajitazama mikono.

Msumari mdogo wa soli, kama ile anayoing'oa kwenye viatu vya watu kila siku, ulikuwa umepenya kiatu chake mwenyewe na kumtoboa unyayo. "Fundi gani huyu!" baba alicheka. Mama hakucheka. Alichukua khanga yake, wakaenda zahanati wote watatu.

Muuguzi aliosha unyayo. "Umejitoboa lini?"

"Leo. Jana binti yangu alinikagua. Huyu hapitwi na kitu."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku moyoni. Muuguzi alishachukua bandeji. Akinyamaza, nani angejua? Akautazama mguu wa baba, umetulia tu juu ya kitanda, hauwezi kujisemea.

"Jana sikuangalia," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidanganya. Nilikuwa nawahi kamba."

Muuguzi akaweka bandeji chini. Akabonyeza pembeni mwa jeraha, usaha ukachomoza. "Kumbe ni la jana! Ningelifunga hivi hivi, lingeoza ndani." Akalisafisha upya, akamdunga baba sindano, akampa vidonge. Kisha akamgeukia Chiriku aliyekuwa akifuta machozi.

"Njoo, mwanangu. Lete mkono." Akamfinya kidole.

"Aa!"

"Umejuaje kama nimekufinya?"

"Si kidole kimeuma!"

"Kidole kimetoa habari tu. Mshipa wa fahamu umeibeba hadi ndani ya uti wa mgongo, ikapanda mpaka kwenye ubongo. Huko ndiko ulikojua kwamba unaumia. Ubongo nao ukitaka utembee, unatuma amri kwa mishipa mingine inayoshuka miguuni. Ya baba inayoshusha amri bado ina nguvu, ndiyo maana anatembea. Inayopandisha habari ndiyo imeharibika. Kwa hiyo habari za miguu yake unampelekea wewe. Ukimpelekea uongo, ataamini."

Njiani kurudi nyumbani Chiriku alitembea nyuma yao. Baba akamshika mkono.

"Umekasirika, baba?" Chiriku aliuliza.

"Ya jana yameniuma, siwezi kukuficha. Lakini leo umesema kweli ukiwa na aibu yako yote, na mguu wangu umesalimika. Yameisha."

Kidonda kilipona. Jioni moja, baada ya kukagua nyayo zote mbili polepole, Chiriku alimtekenya baba unyayoni. Baba akaangua kicheko.

"Mbona unacheka na wewe huhisi?"

"Nimeona vidole vyako. Macho nayo yana mshipa wake wa kupeleka habari kwenye ubongo." Baba akamvuta karibu. "Basi na wewe nitazamie, mama. Na utakachokiona ndicho uniambie, hata kama ni kibaya. Kibaya nikikijua mapema, kinatibika."