Kitambaa Chekundu cha Mpimaji

Kila asubuhi, kabla ya masomo, Apolonia na jirani yake Mastura walikwenda kuokota kuni nje ya kijiji cha Mitole. Walikuwa chanda na pete.

Ardhi ya huko haikuaminika. Zamani watu walichimba sandarusi, ile gundi ngumu ya miti iliyouzwa Kilwa, wakatoboa chini kwa chini, kisha wakaondoka. Nyasi zikafunika kila kitu. Sasa serikali ya Waingereza ilitaka kujenga shule mpya hapo, hivyo mpimaji, Bwana Bonaventura, aliletwa kuyatafuta mashimo.

Alipigilia vigingi vya chuma kwa mstari, akaviunganisha kwa nyaya na betri na kipimo chenye mshale.

"Bwana, unavua samaki nchi kavu?" Mastura alimtania.

"Navua mashimo, binti. Umeme hupita kwenye udongo wenye unyevu. Chini pakiwa wazi hukwama, na mshale huu huruka."

Kila mshale uliporuka, alisimika kijiti chenye kitambaa chekundu. "Penye chekundu msikanyage," alisema.

Mwanasesere wa Apolonia, wa gunzi la hindi, hakuwa na nguo. Jioni moja Apolonia alichukua kitambaa kimoja, akang'oa na kijiti chake ili isijulikane.

Kesho yake alitumwa kisimani, na Mastura akaenda kuni peke yake. Hakurudi.

"Hujamwona mwenzio?" Mwanaasha, mama yake Mastura, alimwuliza.

"Sijamwona, mama."

Apolonia alikumbuka kile kijiti. Alijua pa kutafuta, lakini aliogopa fimbo, akajikausha. Watu walitafuta upande wa mtoni, huku Mwanaasha akiita hadi sauti ikamkauka. Jua lilipofika utosini, Apolonia alimkimbilia baba yake akilia. "Baba, niling'oa alama!"

Walimkuta Mastura chini ya ardhi iliyotitia. Mwili ulikuwa bado na joto, lakini roho ilikwisha toka.

Baada ya mazishi Bwana Bonaventura alipima upya, na mashimo yote yakafukiwa. Apolonia alimpelekea Mwanaasha kile kitambaa.

"Shikamoo, mama."

Mwanaasha alikipokea. "Marahaba. Kuchukua kitambaa ni utoto, mwanangu. Ungeniomba, ningekukatia kanga yangu. Lakini asubuhi nzima nilimwita Mastura, nawe ulikuwa unanisikia. Ukikosea tena, sema papo hapo, hata kama utachapwa."

Tangu siku hiyo Apolonia alikwenda kuni mara mbili kila asubuhi: mzigo wa kwao, na mzigo wa mama Mastura.