Baada ya Hajambo

Peugeot 404 nyeupe ilikivunja kizuizi cha kambi ya Katumba bila kupunguza mwendo.

Manyanda alikanyaga mafuta. Land Rover ikaruka, vumbi jekundu likaziba kioo. Redio ilikoroma kando yake.

"Nyuki, hapa Mzinga. Uko wapi?"

"Nyuma yake. Anakimbilia stesheni ya Mpanda. Masanduku ya dawa anayo."

"Treni isiondoke nayo."

"Nimekupata."

Mzinga alikuwa Severini, mkuu wake wa usalama. Aliyekuwa kwenye Peugeot ni Dakta Kessler, mgeni aliyeingiza dawa kwa boti kupitia bandari ya Ikola. Ilikuwa dawa ya watoto wanaozaliwa na ute mzito mapafuni. Kwao ilikataliwa, kwa sababu iliharibu vifua.

Kessler aliileta Katumba mwaka ule wa 1975, akawajaribia watoto wa wakimbizi wa Burundi waliokuwa na kikohozi. Kila mtoto alifungwa kifundoni mwa mguu mashine ndogo ya kupima anavyotembea. Kila asubuhi kinasa sauti cha Uher kilinasa anavyokohoa na anavyosema mzazi wake. Majibu yakiwa mazuri, dawa ingeuzwa nchi nzima.

Manyanda alijipenyeza kwake kama dereva na mkalimani. Alitaka kwanza kujua masanduku yanafichwa wapi.

Akasubiri. Alipokuwa akisubiri, watoto walimeza.

Stesheni, wapagazi walikuwa wakipakia sanduku la mwisho. Kessler aligeuka, bastola ya Beretta mkononi.

"Dereva wangu," alisema. "Utanishtaki kwa lipi? Shahidi wangu ni wewe."

Akabonyeza Uher.

Kikohozi cha mtoto. Kisha sauti ya Manyanda mwenyewe, kwa Kirundi: "Thacienne hajambo?"

"Hajambo, bwana," akajibu mama yake, Capitoline.

Papo hapo Manyanda wa kwenye mkanda akatafsiri kwa Kiingereza: mtoto ni mzima, twende nyumba ya pili.

Chini ya sauti yake, mama alikuwa bado anasema.

"Ila halali, bwana. Anakohoa mpaka anatapika. Hata kisimani na wenzake hawezi tena kwenda."

Mama yake Manyanda alikuwa Muha, jirani wa Warundi kwa lugha na desturi. Alilelewa akijua kwamba mgeni hapokelewi kwa shida. Hajambo hutangulia, hata msibani. Habari yenyewe hufuata. Alilijua hilo tangu utotoni. Asubuhi ile macho yake yalikuwa kwenye mlango wa stoo, akitafuta masanduku.

"Umesikia?" Kessler alitabasamu. Kirundi hakukijua. "Mzima."

Manyanda alilisukuma sanduku kwa teke. Likamgonga Kessler magotini. Risasi ikatoboa paa la behewa. Kabla ya risasi ya pili, Walther ya Manyanda ilikuwa shingoni mwake.

"Itupe."

Beretta ikaanguka relini.

Masanduku yakashushwa. Treni ikaondoka bila hayo.

"Kazi nzuri, Nyuki," Severini alisema redioni. "Ule mkanda ulionieleza, kata sauti yako kabla haujafika mahakamani. Kikohozi kinatosha."

"Mkanda utakuja mzima, mzee."

"Utajichafua bure, kijana."

"Nilishachafuka. Mwisho."

Wodini, hospitali ya misheni, Capitoline alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda. Thacienne alipumua kwa mpira wa oksijeni. Ile mashine bado ilikuwa kifundoni.

Manyanda alipiga goti, akaifungua. Mguu ulikuwa mwembamba kama mkono.

"Wewe si yule dereva?" Capitoline aliuliza.

"Ndimi, mama. Ulinijibu, nikakukata kauli. Nisamehe."

Mama alimvutia mtoto shuka.

"Thacienne hajambo?"

"Hajambo," mama alijibu.

Manyanda akaketi sakafuni, Walther ikimchoma kiunoni. Nje, redio ya Land Rover ilimwita: Nyuki, Nyuki. Hakuinuka.

Capitoline aliona kwamba haondoki.

"Ila," alisema taratibu, "tangu jana..."

Manyanda alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa kofia, akaipita redio iliyokuwa bado ikimwita, akaenda kumtafuta daktari wa misheni, amwambie yote kama mama alivyoyasema.