Aliyekuwa Akivuta Shuka

Rafiki yangu Yasinta wa mtaa wa Nkuhungu hunidanganya kuhusu umri wake tu, kwa hiyo hili nililiamini. Enzi zile za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, watafiti wa usingizi walimvisha mumewe, Octavian, saa isiyo na mishale. Ilipima mkono unavyotikisika, ili wajue anavyolala.

Jioni moja nesi wao, Tabu, akaleta majibu, wakaketi uani watatu.

"Shemeji, mchana mkono unacheza vizuri. Usiku kimya, kama saa imewekwa kabatini. Ulikuwa unaivua?"

Yasinta akacheka. "Aivue aende wapi? Usiku kucha ananivuta shuka na kunikoromea shingoni."

Octavian akainama. "Mke wangu, nisamehe. Ukishasinzia nilikuwa naivua, naenda Makole kwa Anjelina. Narudi alfajiri."

Miaka yote Yasinta alikuwa akimtetea kwa majirani, kumbe. Alitaka kumtukana, lakini swali jingine likatangulia mdomoni.

"Basi nani alikuwa ananikumbatia?"

Giza lilikuwa limeshaingia, na ndani ya nyumba hamkuwa na mtu. Chumbani kwao kitanda kikalia taratibu, kama mtu anajigeuza, kisha wakasikia shuka likivutwa.