Usingizi wa Mjomba

Kila alipotoka shule, Kasuku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mjomba wake. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mjomba alikuwa kinyozi hodari na mcheshi, mpaka siku alipopatwa na kiharusi akiwa kazini. Mkono wake wa kulia ulipooza na maneno yakamvurugika. Sasa aliishi kwa dada yake, mama yake Kasuku.

"Hiki ni nini, mjomba?" Kasuku aliuliza, akiinua kitana.

Mjomba alikunja uso. "Ki... ki... kiatu."

"Kitana! Sema ki-ta-na."

Hayo ndiyo mazoezi waliyopewa hospitali. Kasuku aliamini kwamba yakizidi, mjomba atapona upesi. Tena jirani aliwahi kuwaonya kuwa mgonjwa wa namna hiyo akilala mchana huzidi kulegea. Basi mama akiwa kazini, kila kope za mjomba zilipolemewa na usingizi, Kasuku alimtikisa bega. "Amka, mjomba! Hatujamaliza!" Usiku nao mjomba hakulala vizuri, kwani bega lilimuuma.

Mambo yakaenda mrama. Maneno aliyoyajua jana, leo yalimpiga chenga. Taulo aliliita ngazi, na akasema dada yake ni dereva. Kasuku hakuelewa kabisa. Mtu anafundishwa kila siku, mbona anarudi nyuma? Au hataki tu? Alasiri moja mjomba alitupa kitana ukutani, akaanza kulia. Kasuku akabaki ameduwaa, hajui akiokote kitana au naye alie.

Walipomrudisha hospitali, mtaalamu wa mazoezi ya kuongea aliuliza, "Analala vizuri?"

Kasuku akamwahi mama yake. "Simwachi alale hata kidogo!" alisema kwa fahari.

"Unasemaje wewe?" mama akashtuka.

Mtaalamu hakumgombeza. "Nia yako ni njema, mwanangu. Lakini kiharusi kimeharibu baadhi ya njia katika ubongo wake. Mnapofanya mazoezi, ubongo unatafuta njia nyingine. Akilala, sehemu za ubongo zinaendelea kuwasiliana, na njia hizo mpya zinapata nafasi ya kuimarika. Ukimwamsha kila mara, ni sawa na kukanyaga saruji mbichi."

"Kumbe aliyelala anafanya kazi?"

"Ubongo wake, ndiyo."

"Lakini anakoroma!"

Wote wakacheka, hata mjomba. Wakapewa dawa ya bega, wakaambiwa mazoezi yawe mafupi na mgonjwa aachwe apumzike.

Mjomba alipolala, Kasuku alimkodolea macho aone hiyo kazi inavyofanyika. Hakuona kitu ila mdomo ulioachama. Maneno nayo hayakurudi kwa siku moja. Yalirudi moja moja, na mengine asubuhi tu, baada ya kulala fofofo. Kasuku alishindwa kuelewa yalipitia wapi, ila aliacha kumtikisa.

Jioni moja, baada ya chakula, Kasuku alikuwa akijisomea kwa ajili ya mtihani. Alisinzia, akazinduka, akasoma mstari uleule tena. Ghafla mkono wa kushoto wa mjomba ukafunga kitabu.

"Umesoma... inatosha," mjomba alisema polepole. Mama akaacha kufuta meza, akamgeukia. "Sasa kalale. Ukilala... kichwa kitashika ulichosoma."

Kasuku akakwapua kitabu chake, akaenda kulala.