Nyumba Iliyomsikiliza Fundi

Mlango wa bafu ulikuwa na upana wa inchi ishirini na sita. Futi aliupima mara mbili, juu na chini, kwa sababu kiti cha magurudumu cha mama yake kilitaka ishirini na nane, na inchi mbili hazibembelezwi. Akaitaja ile ishirini na nane kwa sauti kama alivyozoea, kisha akamwambia dalali kwamba nyumba ni nzuri lakini hapo imeshindikana. Dalali, mtu wa maneno mengi na viatu vilivyong'aa kuliko nyumba zote alizowahi kuonyesha, akasema mlango ni mbao tu na mbao hukatwa. Futi alikuwa ameshakunja futi yake.

Walimwita Futi kwa sababu ile futi ya kushonea haikumtoka shingoni hata akienda sokoni. Alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka kumi na sita alipima wateja huku akitaja namba kwa sauti, na mumewe, aliyekaa kwenye kigoda kando ya pazia, akiziandika daftarini. Mume alifariki, na miezi minane ikapita. Tangu siku ile Futi hakulia wala hakucheka. Alikula akiambiwa ale, na mteja akisifia gauni lake alisema asante kama mtu aliyepokea simu isiyo yake.

Kitu kimoja tu kilimtoa kitandani. Mama yake aliishi naye ghorofa ya tatu, miguu ilikuwa imekataa kazi, na mwaka mzima ulikuwa umepita bila bibi yule kukanyaga chini. Futi alitaka nyumba isiyo na ngazi, yenye milango mipana na chumba cha mbele cha kuwekea cherehani, kabla mama yake hajafia kule juu. Walikuwa wameshaona nyumba kumi na moja.

Wiki iliyofuata dalali akapiga simu, akamsihi aitazame tena ile yenye mlango mwembamba. Futi akaenda, maana kwenda na kutokwenda kwake vilikuwa sawa. Akapima. Ishirini na nane. Hapakuwa na mbao mpya. Rangi ilikuwa ileile kuukuu, imebanduka palepale karibu na bawaba. Dalali akaapa kwamba hajaleta seremala. Ndani kulikuwa na harufu ya nguo iliyotoka kupigwa pasi, na nyumba ile haikuwa na umeme.

Mwingine angetimua mbio. Futi alijikagua moyoni kama anavyokagua mshono, akitafuta hofu, asiione. Akaendelea na kazi. Akasema, kwa sauti ileile ya kumtajia mtu vipimo, kwamba kizingiti kitamkwaza mama, na kwamba dirisha la sebuleni liko juu mno kwa mtu aliyekaa. Nyuma yake akasikia penseli ikikwaruza karatasi. Akageuka. Dalali alikuwa nje uani, anaongea na simu, na daftari lake la vipimo lilikuwa mkobani mwake, limefungwa.

Alilifungua alipofika nyumbani, jikoni. Vipimo vyote vilikuwamo, vimepangwa vizuri, kwa mwandiko usio wake wala wa marehemu mumewe, uliokandamizwa mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Chini kabisa yalikuwapo maneno matatu: *Na wewe je?*

Kwa miezi minane hakuna aliyemuuliza hivyo na kusubiri jibu. Futi alijibu akiwa amesimama, bila kufikiri, jibu lilelile alilowapa wote waliokuja kumpa pole.

"Mimi sihitaji kitu."

Jumamosi asubuhi kaka yake, dereva wa lori, alimshusha mama mgongoni ngazi zote, wampeleke akaione ile nyumba. Mama alikuwa na furaha ya kitoto. Alimwambia kijana wake aende taratibu, yeye si gunia la saruji, akipasuka hazibiki. Walipofika, kizingiti kilikuwa kimelala sawa na sakafu. Dirisha lilikuwa limeshuka hadi usawa wa kiti. Mama akasukuma magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, akaingia, akapitiliza hadi sebuleni, na walimsikia akisema kwamba hapa ndipo, hapa hata leo angehamia.

Futi akamfuata, na bega lake likagonga mwimo.

Akarudi nyuma. Akatazama kulia, mahali palipokuwa na dirisha la chumba cha cherehani, akaona ukuta mtupu. Akaishusha futi shingoni, akaupima ule mlango wa mbele uliokuwa inchi thelathini na nne, akapata ishirini, na wakati bado ameishikilia futi kwa vidole viwili ikawa kumi na saba, na rangi haikupasuka, na mbao haikulia, na ile harufu ya pasi ilitoka mlangoni kwa joto kama pumzi ya mtu aliyesogea karibu, na ndipo alipoelewa kwamba nyumba ilikuwa imesikiliza kila alichotamka, ikampa mama kila alichomwombea, na yeye, aliyesema hahitaji kitu, ilikuwa inamshonea nje.

"Mwanangu," mama aliita kutoka ndani, kwa sauti ndogo. "Huyu anayeandika hapa ni nani?"

Kaka akaukabili mlango kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili, akadunda. Dalali alikuwa ameshawasha pikipiki yake. Inchi kumi na tatu.

"Dada," kaka alinong'ona, "fanya kitu."

Futi akaweka mdomo penye uwazi, akasema anahitaji mlango. Alisema kama anavyosema asante, na mlango haukusogea. Inchi kumi. Mama alikuwa ameanza kulia, kilio cha chini cha mtu asiyetaka kusikiwa na aliye naye chumbani, na Futi akakitambua kilio kile, kwa kuwa ndicho ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekimeza siku ya mazishi, na kikamtoka sasa pamoja na maneno, hovyo, bila mpangilio, kwamba anamhitaji mama yake, kwamba ameshaachwa mara moja na hataweza mara ya pili, kwamba hataki nyumba, hataki chumba.

"Namhitaji mama yangu. Asiondoke. Asiondoke kamwe."

Ndani penseli ikakwaruza, ikatua. Mlango ukawa mpana.

Walimtoa, wakampandisha tena ghorofa ya tatu, na daftari wakalichoma kwenye jiko la mkaa. Kaka akasema yamekwisha. Siku hiyo mama hakula, na siku ya pili hakula, wala hakuomba kusogezwa dirishani. Alikaa akimtazama Futi anavyoshona.

Siku ya nne Futi akamwita muuguzi mstaafu wa ghorofa ya chini. Muuguzi akafunga mkanda wa kupimia presha kwenye mkono wa mama, mashine ikanguruma, isitoe namba. Akaujaribu mkononi mwake, ikatoa. Akarudia kwa mama. Akamshika kifundo cha mkono, kisha shingoni, akakaa hapo muda mrefu, mama akimtazama kwa upole. Muuguzi akakusanya vitu vyake, akashuka ngazi bila kuaga, viatu akaviacha mlangoni.

Futi akapiga magoti mbele ya kiti, akamwita mama yake.

"Ulisema asiondoke," mama alijibu, akamshika mkono. "Haondoki."

Kwa mara ya kwanza katika miezi minane Futi aliogopa, akaogopa kwelikweli, mwili mzima. Akavuta mkono wake. Haukutoka.