Kipara na Maji ya Ziwa

Kila asubuhi, kabla ya chai, Vumilia alipanda juu ya paa la boti akiwa na ndoo ndogo na kitambaa. Kazi yake ilikuwa kusafisha paneli za sola. Ndege wa ziwani walipenda sana kulala pale juu, na kulipokucha waliondoka bila kuaga, wakiacha uchafu wao mweupe kila mahali.

"Sugua vizuri, mayu!" baba yake alipaza sauti kutoka chini, akimwita "mama" kwa Kisukuma. "Paneli chafu ni sawa na ng'ombe aliyefungwa mdomo. Atakula nini?"

Kwa baba yake, Mzee Maduhu, kila kitu kilikuwa ng'ombe. Alichunga ng'ombe huko Shinyanga tangu akiwa mdogo, mpaka alipowauza na kununua boti hili la mbao lenye vyumba viwili. Sasa yeye, mkewe Paskazia na binti yao waliishi juu ya maji, karibu na Chato, mahali ambapo nguzo za umeme hazifiki. Nyuma ya boti palikuwa na matangi makubwa ya plastiki, na ndani yake maelfu ya vifaranga vya sato. Pampu ililazimika kuwapulizia hewa mchana na usiku. Ikizima, samaki hufa.

Haya, watoto, kitendawili! Nina ng'ombe wanane zizini, hushiba jua, hunywa kidogo, wala hawalii. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nimekwenda Runzewe, nimekula viazi vyao vyote, nimerudi. Ng'ombe hao ni betri za Mzee Maduhu. Zilikaa chini ya sakafu, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu ya kutolea hewa chafu. Mchana zilipokea chaji kutoka kwenye paneli, usiku zikaiendesha pampu. Mzee alikuwa amezipa majina: Mabaka, Mweusi, Pembe, na wengineo. Ya mwisho kabisa, iliyobanduka karatasi yake yote, iliitwa Kipara.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuwanywesha. Vumilia alivaa glavu, akafungua vifuniko vya kila betri, akamulika ndani kwa tochi. Maji yakiwa yamepungua, aliongeza kidogo, yafunike tu zile bati zilizomo ndani. Tena si maji ya kawaida. Yalikuwa maji ya betri, yanayouzwa kwenye dumu dukani kwa Fundi Salmini, baba wa rafiki yake Mwaisha.

Jumamosi moja Mzee Maduhu alisafiri kwenda Geita kuchukua chakula cha samaki, na Mama Vumilia alikuwa sokoni. Vumilia alikuwa ameshanywesha ng'ombe saba aliposikia kasia likigonga ubavu wa boti.

"We Vumilia!" Alikuwa Mwaisha, ndani ya mtumbwi na kaka yake. "Umekuwa nanga? Wenzako wote wako uwanjani. Tukifungwa na darasa la sita leo, ni juu yako!"

"Nakuja! Bado mmoja!"

Aliinuka kwa haraka, na mguu wake ukapiga lile dumu. Likaanguka. Maji yote yakatiririka kwenye nyufa za sakafu, gluglu, mpaka tone la mwisho.

Vumilia alisimama akilitazama. Angemwambia baba, baba angeuliza kwa nini alikuwa na haraka. Na Kipara alikuwa mkavu, bati zake zinaonekana juu kabisa. Kisha akatazama nje. Ziwa lote lile! Kule Shinyanga, ng'ombe wa babu walikunywa maji ya lambo yenye tope na kunenepa. Huyu je, kikombe kimoja kitamfanya nini?

Akateka maji kwa kopo, akamnywesha Kipara. Na kwa kuwa ng'ombe mwenye kiu haachwi na nusu tumbo, alimjaza mpaka yakafurika juu. Akafunga vifuniko, akapangusa, akaruka ndani ya mtumbwi.

Jioni baba yake aliuliza, "Wamekunywa wote?"

"Wote, baba."

"Ahsante, mayu. Mtu akiwa na mtoto kama wewe anasafiri kwa amani."

Vumilia aliinama, akalisukuma lile dumu tupu nyuma ya ndoo.

Wiki iliyofuata mawingu yalifunika ziwa. Mvua haikunyesha sana, ila jua halikuonekana. Siku kama hizo zilikuwa zimewahi kutokea, na ng'ombe wanane walistahimili. Safari hii hawakuweza. Asubuhi ya Jumatano taa nyekundu iliwaka kwenye kontrola, kile kifaa cha ukutani kinachoongoza chaji, na pampu ikaanza kukoroma kama mzee mwenye mafua. Vifaranga wakapanda juu ya maji, midomo wazi, wakihema.

"Paskazia! Ndoo!" Mzee Maduhu aliita.

Mama Vumilia, Mzinza aliyezaliwa ufukweni, hakuhitaji kuelezwa. Alichota maji ya tangi kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu, yatoe povu, yaingize hewa. Vumilia akashika ndoo ya pili kwenye tangi la jirani. Chota, mwaga. Chota, mwaga. Mabega yaliwaka moto.

Mzee Maduhu alikuwa amefungua sanduku la betri, spana mkononi.

"Nimeshajua," alisema. "Salmini kaniuzia mikweche. Kazipaka rangi, akaniambia mpya. Nazifungua zote nane, nazipakia kwenye mtumbwi, nakwenda kuzimwaga mbele ya duka lake."

"Baba Vumilia, tuliza moyo kwanza," mkewe alisema.

"Nimetulia. Nitamwita mwizi kwa utulivu kabisa, soko zima lisikie."

"Na ukizitoa zote, hii pampu itapumua kwa nini? Mikono yetu hii miwili miwili itafika jioni?"

"Bora nijue moja!"

Ndoo ilisimama hewani mikononi mwa Vumilia. Alimwona Fundi Salmini amesimama mbele ya duka lake, watu wakimzomea, na Mwaisha pembeni akisikia baba yake akiitwa mwizi. Akatazama ndani ya tangi. Vifaranga kadhaa walikuwa wameanza kugeuka matumbo juu.

"Baba, usizifungue zote." Sauti yake ilitoka ndogo. "Ni Kipara. Nilimpa maji ya ziwa."

Mzee Maduhu aligeuka polepole. "Ulimpa nini?"

Vumilia alisema yote: haraka, dumu, kopo, mpaka ule uongo wa jioni. Hakuacha kumwaga maji alipokuwa akisema. Aliogopa kwamba akisimama atalia, na akilia hataweza kuchota.

Baba yake alisogea kwenye sanduku. Aliinama akamgusa Kipara kwa kiganja, akakiondoa upesi. Betri ilikuwa ya moto. Asidi iliyofurika ilikuwa imeota ukungu mweupe kwenye nyaya. Alifungua nati mbili, akamtenga Kipara na wenzake, akawaunganisha wale saba waliobaki. Kisha akachukua ndoo ya tatu.

Walichota na kumwaga wote watatu. Mchana mawingu yalipasuka kidogo, jua likapiga paneli. Taa ikawa ya njano. Pampu ikakohoa mara moja, ikanyamaza, halafu ikashika. Mapovu yakapanda kwenye matangi, na vifaranga wakashuka chini mmoja mmoja. Waliokufa walijaza bakuli. Waliobaki walikuwa hai.

"Kaa chini, mwanangu, umechoka," mama yake alisema, akampa uji.

Ijumaa, baada ya swala, Fundi Salmini alikuja mwenyewe na kipimo chake cha kioo cha kupimia betri.

"Shikamoo, Baba Mwaisha," Vumilia alimwamkia, macho chini.

"Marahaba, mama. Mbona unatazama sakafu? Kuna samaki huko?"

Mzee Maduhu alikohoa. "Salmini, kabla hujapima, nina neno. Juzi nilitaka kuja kukuita mwizi sokoni. Huyu mtoto ndiye aliyenizuia, kwa kusema ukweli: aliijaza betri moja maji ya ziwa, akaficha. Nisamehe."

Fundi Salmini alimtazama, kisha akacheka mpaka kofia ikasogea. "Ungekuja ungenikuta! Mdomo ninao na mimi." Alipima betri moja baada ya nyingine. Saba zilikuwa salama. Kipara alikuwa amekwisha.

"Njoo hapa, Vumilia," alisema. "Maji ya ziwa yana chumvichumvi na tope. Ng'ombe yanamfaa, betri yanaiua. Tena ukiijaza mpaka ifurike, asidi yake inatoka nje. Hilo ni kosa, na kila fundi ameanza kwa makosa. Lakini sikiliza. Betri mgonjwa akifungwa pamoja na wazima, wao humlisha yeye nguvu zao usiku kucha, mpaka wote wanaishiwa. Kosa lako lilikuwa la betri moja. Ulipolificha ndipo likawala wote wanane, likawafikia samaki, likataka kunila na mimi ambaye sijui lolote."

Akamgeukia Mzee Maduhu. "Na wewe usicheke. Asidi si kazi ya mtoto peke yake. Kaa naye."

"Nimesikia, fundi," Mzee alisema.

Vumilia aliinua macho. "Baba Mwaisha, mimi pia naomba unisamehe. Na baba, nisamehe."

"Nilikusamehe juzi, ulipokuwa unamwaga maji huku unasema," baba yake alisema. "Ukimwaga kitu tena, niambie siku hiyo hiyo. Nitafoka, ndiyo. Nikimaliza kufoka tutafuta sakafu pamoja, na tutalala usingizi."